Inchi 26 ipi? Kuiboresha baiskeli ya gia ya chuma bila kupoteza hela

Kwenye kijiwe cha fundi ninakopeleka baiskeli yangu, Igoma, ubishi umekuwa mmoja wiki hizi. Ulianza siku kijana mmoja alipokuja akisukuma baiskeli ya gia ya mtumba, fremu ya chuma, matairi ya inchi 26 yaliyokwisha kabisa.

"Shikamoo fundi. Nataka uniwekee ringi za 29 na breki za diski, kama zile mpya."

Fundi hakuwahi kujibu. Mzee aliyekuwa anasubiri pancha yake izibwe alimwambia kijana aiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jirani yake akapinga: chuma cha zamani hakifi, anunue tu vifaa. Wa tatu akasema vifaa vya 26 havipo tena duniani. Kijana akaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Swali lake linaulizwa kila siku hapa Mwanza, na majibu anayopata mtu mengi ni nusu ya ukweli. Baiskeli hizi zipo nyingi, ni imara, na wengine wetu ndizo zinazotupeleka kazini na kutubebea maji na mkaa. Inauma kuona nzuri inatupwa, na inauma zaidi kuona mtu ametumia akiba yake yote kununua kifaa ambacho hakitaingia. Kwa hiyo niliahidi kuliandika jambo hili taratibu, tangu mwanzo.

Tuanze na majina. Tunachokiita "baiskeli ya gia" ni baiskeli ya milimani: matairi manene, usukani ulionyooka, gia mbele na nyuma. Nyingine ina shokapu mbele na nyuma. Nyingine ina shokapu mbele tu, nyuma ni kavu. Nyingine, hasa za zamani zaidi, ni kavu pande zote mbili. Ninazungumzia hizo mbili za mwisho, zenye fremu ya chuma, zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuboresha ni kutoa kifaa kilichochoka au dhaifu na kuweka kilicho bora. Kuigeuza ni kuipa baiskeli kazi ambayo haikuundiwa, kwa mfano kumpandisha mtoto na gunia kwenye keria kila asubuhi. Mara nyingi watu wanataka vyote viwili kwa pamoja bila kujua kwamba wanaomba vitu viwili.

Halafu kuna neno moja ambalo likieleweka, mengine yote yanafuata: kiungo. Kila kifaa cha baiskeli kinakutana na kifaa kingine mahali fulani, na pale wanapokutana pana kipimo. Fikiria sufuria na mfuniko. Huendi sokoni ukaomba "mfuniko mkubwa", kwa sababu mkubwa wa sufuria gani? Fremu ndiyo sufuria. Kila unachonunua ni mfuniko.

Majina yanavyodanganya

Tairi la kwanza nililoinunulia baiskeli yangu halikuvalika. Niliingia duka moja la vipuri mjini, nikaomba tairi la inchi 26, nikapewa, nikalipa. Nyumbani lilipwaya kama gauni la dada mkubwa. Nikilikalisha upande huu linachomoka upande ule. Nilirudi dukani, na muuzaji akanionyesha maandishi ubavuni mwa tairi: 26 x 1 3/8. Hakuwa amenidanganya. Lilikuwa kweli tairi la inchi 26, ila si inchi 26 yangu.

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ile namba ya inchi ilianza kama kipimo cha kukadiria cha gurudumu zima, ukihesabu na unene wa tairi. Tairi likiwa nene, ringi ilibidi iwe ndogo ili jumla ifike 26. Likiwa jembamba, ringi iliweza kuwa kubwa. Matokeo yake ni ringi za ukubwa tofauti kabisa zinazoitwa jina moja. Kinachoamua kama tairi litaingia ni kipenyo cha ringi pale ukingo wa tairi unapokaa, na kipenyo hicho kinaandikwa kwa milimita ubavuni mwa tairi, mara nyingi kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Tairi la baiskeli ya milimani lililoandikwa 26 x 1.95 kwa kawaida lina pia namba 50-559. Ile 50 ni unene, na 559 ndiyo kipenyo cha kiungo. Tairi la 26 x 1 3/8, linalovaliwa na zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, ni 37-590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi anayeweza kuziba pengo hilo. Phoenix ya kubebea mizigo, ya 28 x 1 1/2, ni 635. Zile mpya za 27.5 ni 584, na za 29 ni 622. Kwa hiyo ukienda dukani usiombe tairi la 26. Omba la 559. Muuzaji asipoielewa namba hiyo, geuza tairi mwenyewe uitafute. Kama hakuna maandishi ya milimita, alama ya kukusaidia ni hii: la milimani huandikwa kwa nukta, 1.75 au 1.95 au 2.10, lililoandikwa kwa sehemu, kama 1 3/8, ni la ukoo mwingine.

Na kwa nini baiskeli za milimani zilichagua 559? Vijana wa Marin County, California, miaka ya 1970, walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli nzito za zamani za Kimarekani zenye matairi manene, na matairi hayo yalikuwa ya 26. Joe Breeze alipotengeneza fremu yake maalumu kwa kazi hiyo mwaka 1977, alitumia magurudumu yaliyokuwepo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper kwa watu wa kawaida, nayo ikafuata 26. Kuanzia miaka ya 2010 kampuni kubwa zikahamia 27.5 na 29, na ndipo uvumi ulipoanza kwamba 26 imekufa. Haijafa. Matairi ya 559 yanaendelea kutengenezwa, na baiskeli nyingi za bei nafuu na za watoto wakubwa zinayatumia. Kilichopungua ni vifaa vya kifahari vya ukubwa huo, na vifaa hivyo havihitajiki kwa safari ya Buhongwa.

Sasa twende kwa ombi la yule kijana, ringi za 29 kwenye fremu ya 26. Toa 559 kwenye 622, unapata milimita 63 za kipenyo, yaani gurudumu linasogea nje milimita 31 na nusu kila upande. Tairi litagusa fremu nyuma na foku mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Hata 27.5, ambayo wakati mwingine hupenya ikivaa tairi jembamba, inaisogeza ringi milimita 12 na nusu, na mpira wa breki haufiki tena kwenye ringi. Utabana spoku. Kwa hiyo jibu ni hapana, na linatokana na hesabu ya kutoa tu.

Chuma chenyewe

Watu wanalinganisha chuma na alumini kana kwamba moja ni ya jana na nyingine ya leo. Zote mbili ni za leo. Alumini ni nyepesi karibu mara tatu kuliko chuma kwa ujazo uleule, lakini pia inapinda kirahisi karibu mara tatu, ndiyo maana mirija ya fremu za alumini ni minene kama mkono wa mtoto na ya chuma ni myembamba. Tofauti inayotuhusu zaidi ni uchovu. Mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi, kama mtikisiko wa barabara, chuma kinaweza kuuvumilia bila kikomo mradi usizidi kiwango fulani. Alumini haina kiwango kama hicho. Kila mtikisiko unaongeza kidogo. Wahandisi wanalijua hilo na huongeza unene ili fremu ya alumini iishi miaka mingi, kwa hiyo si kweli kwamba alumini lazima ivunjike. Lakini ukikuta fremu ya alumini ya miaka 20 ambayo hujui imebeba nini, una sababu ya kuiogopa kuliko ya chuma.

Chuma nacho si kimoja. Kuna chuma cha kawaida, kizito, na kuna chuma chenye kromiamu na molibdeni, kinachoandikwa "Cr-Mo" au "4130" kwenye kibandiko cha fremu. Vyote viwili vinapinda sawasawa vikiwa na unene sawa. Kile cha pili kina nguvu zaidi kabla ya kuharibika, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kukata mrija mwembamba na kupunguza uzito. Kibandiko kikiwa kimefutika, chomoa nguzo ya kiti uipime. Ikiwa ni milimita 26.8 au 27.2, mrija una kuta nyembamba, na huenda umeshika fremu nzuri. Ikiwa 25.4, kuta ni nene. Bado itakubeba, ila itakuwa nzito.

Kuhusu kutu, nimesikia mara nyingi kwamba kando ya ziwa chuma hakidumu. Hiyo ni hofu iliyokuja na ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga. Kule upepo unabeba chumvi ya bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, na upepo wake ni unyevu tu. Chumvi inaifikia baiskeli ya Mwanza kwa njia nyingine: mizigo. Anayebeba samaki wa chumvi kutoka Mwaloni Kirumba, na maji ya samaki yanamchuruzikia kwenye keria na mirija ya nyuma, huyo aoshe baiskeli kila jioni. Wengine adui wetu ni maji ya mvua yanayoingia kupitia nguzo ya kiti na kutulia ndani, chini kwenye ekseli ya pedali. Fremu inaoza kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Kila baada ya masika na vuli, chomoa nguzo ya kiti, pindua baiskeli, acha maji yatoke, mimina oili kidogo ndani ya mirija uizungushe, kisha rudisha nguzo ikiwa imepakwa grisi. Kazi ya nusu saa. Grisi hiyo pia inazuia nguzo ya alumini isishikamane na chuma, jambo ambalo likishatokea huenda ukalazimika kuikata kwa msumeno.

Pale pa kuanzia

Kama una hela ya kufanya jambo moja tu, angalia ringi zako. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinasa kwenye ringi, ringi ni ya chuma kilichopakwa kromu, na hapo ndipo hela yako ya kwanza inapaswa kwenda. Chuma chenye kromu kikilowa, mpira wa breki unateleza juu yake. Mtu anayeshuka kutoka Bugando kwenye mvua akiwa na ringi za namna hiyo anabana breki kwa nguvu zote na baiskeli inaendelea kwenda. Ringi ya alumini inashika vizuri zaidi ikiwa imelowa, na ni nyepesi. Sijaona badiliko jingine lolote kwenye baiskeli ya zamani linalomlinda mtu kuliko hili, na ninawasihi wazazi wanaowanunulia wanafunzi baiskeli waanzie hapa kabla ya kengele na rangi.

Ringi ya alumini nayo ina mwisho. Mchanga wa mawe yetu unaingia kati ya mpira na ringi na kuila polepole. Pitisha kidole kwenye ubavu wa ringi. Ukihisi bonde, kama kijiko, imekwisha, na siku moja itapasuka tairi likiwa limejaa upepo.

Baada ya ringi ni breki zenyewe. Fremu nyingi za zamani zina vijiti viwili vilivyochomelewa kila upande wa gurudumu, na breki inakaa juu ya vijiti hivyo. Za kwanza zilikuwa na mikono mifupi iliyotanuka kama mabawa, na waya unaovuta kutoka juu katikati. Mwaka 1996 Shimano ilileta breki za mikono mirefu iliyosimama wima, zinazoitwa V. Zinakaa kwenye vijiti vilevile, ni rahisi kufunga, na vipuri vyake vinapatikana kirahisi. Lakini mikono mirefu inahitaji waya uvutwe karibu mara mbili zaidi, kwa hiyo vishikio vya usukani lazima vibadilishwe pia. Ukibaki na vishikio vya zamani, breki itaonekana kali sana mkononi, lakini mipira haitembei vya kutosha; ikilika kidogo tu, kishikio kinagusa usukani kabla baiskeli haijasimama. Nunua seti nzima.

Breki za diski kwenye fremu ya zamani sizishauri. Diski inasukuma mguu mmoja wa foku na mrija mmoja wa nyuma kwa nguvu ambayo havikutengenezwa kuihimili, na kipande cha kufungia kikichomelewa juu ya mrija mwembamba, moto wenyewe unaudhoofisha. Breki ya V iliyorekebishwa vizuri, kwenye ringi ya alumini, inatosha kumsimamisha mtu mzima na gunia lake.

Upana wa nyuma, na siri ya ekseli inayopinda

Wapo wanaolalamika kwamba ekseli ya nyuma inapinda kila mwezi, na wanailaumu barabara. Barabara ina sehemu yake. Sehemu kubwa zaidi ni friwili. Friwili ni rundo la sproketi, yaani visahani vyenye meno, linalofungwa kwa nyuzi za skrubu juu ya habu, kitovu cha gurudumu, na kwa kuwa linachukua nafasi kubwa upande wa kulia, gololi za upande huo zinasukumwa ndani kuelekea katikati. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki kinaning'inia bila kushikwa. Ni kama kubeba ndoo ya maji kwenye ncha ya mti uliouegemeza bega: kadiri ncha inavyotoka mbali, mti unapinda. Kaseti ni tofauti. Hiyo ni sproketi zinazochomekwa kwenye habu yenye mashine yake ndani, na gololi za kulia zinakaa karibu kabisa na fremu. Ukibeba mtu au mzigo kila siku, habu ya kaseti inalipa gharama yake kwa ekseli usizonunua.

Kabla ya kuinunua, pima nafasi kati ya masikio mawili ya nyuma ya fremu, yanayoshika ekseli. Fremu za miaka ya 1980 mara nyingi ni milimita 130, na baadaye 135 ikawa kawaida. Hapa chuma kinaonyesha uungwana ambao alumini haina. Fundi anayejua anaweza kuitanua fremu ya chuma kutoka 130 hadi 135 polepole, milimita mbili na nusu kila upande, kisha akahakikisha kwa uzi uliovutwa kutoka shingoni, ule mrija wa mbele unaopokea foku, hadi masikioni kwamba pande zote ziko sawa. Fremu ya alumini ikifanyiwa hivyo inaweza kupasuka.

Sasa gia. Imani iliyoenea ni kwamba gia 21 ni bora kuliko 7, kama vile namba hiyo ni nguvu ya injini. Gia nyingi kati ya hizo 21 zinarudiana. Swali la maana ni moja: pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea mita ngapi? Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi. Phoenix yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, tairi la mzingo wa mita 2.2 hivi, inakwenda karibu mita 5.3 kwa mzunguko mmoja. Tambarare ya Magu hiyo ni raha. Kwenye kilima cha Bugando utashuka na kusukuma. Tairi la 26 x 1.95 lina mzingo wa mita 2.05 hivi. Ukiwa na meno 32 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.9, na unapanda umekaa. Ukihamia meno 14 nyuma, unapata karibu mita 4.7, zinazotosha kabisa kwa lami ya kwenda Kisesa.

Kwa hesabu hiyo utaona kwamba sproketi moja ya mbele yenye meno 32, na friwili ya gia 7 yenye meno 14 hadi 34, inawatosha watu wengi. Unaondoa waya mmoja, kishikio kimoja na kile kimkono cha mbele kinachohamisha cheni, ambacho ndicho kinachosumbua zaidi. Tahadhari ni kwamba cheni inaweza kuruka kwenye barabara mbovu bila kimkono hicho kuizuia. Tafuta sproketi ya mbele yenye meno yanayopishana, nene na jembamba, au kiache kimkono cha zamani mahali pake kikiwa kimefungwa kisiende popote, kishike cheni tu.

Cheni yenyewe ipime kwa rula. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, yaani nafasi 24, panapaswa kuwa inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi kwa sehemu ya nane, tayari imeshakula meno ya sproketi, na cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka mara tu utakapokanyaga kwa nguvu. Watu wengi hurudisha cheni dukani wakidhani ni mbovu.

Shokapu mbele, upepo kwenye tairi

Shokapu ndiyo kitu kinachopendwa zaidi na ndicho ninachosita zaidi kukipendekeza. Fremu ya zamani iliundwa kwa foku ya urefu fulani. Ukiweka shokapu ndefu, sehemu ya mbele inanyanyuka, na kwa kila milimita 20 za nyongeza shingo inalala nyuma kwa takriban digrii moja. Baiskeli inakuwa nzito kuikata kona, gurudumu la mbele linatangatanga unapopanda, na shingo ya fremu inapata mkazo mkubwa zaidi kila unapogonga jiwe. Juu ya hapo, shokapu za bei ya chini ni nzito, nyingine kilo mbili na nusu, na baada ya misimu miwili ya vumbi na matope zinagoma kufanya kazi. Unabaki na mzigo. Kama shokapu yako imekufa, pima kutoka katikati ya ekseli hadi pale foku inapokutana na shingo, ukae juu yake ukipima ili ujue inavyozama, kisha tafuta foku kavu ya chuma yenye urefu huo. Pima pia mrija wa foku unaoingia shingoni: milimita 25.4 au 28.6, wenye nyuzi au bila nyuzi. Hivi viwili havichanganyiki.

Ulaini unaoutafuta uko kwenye tairi. Huku kwetu tairi linajazwa mpaka lilie kama jiwe, kwa imani kwamba gumu ndilo linalokwenda haraka. Kwenye lami laini kuna ukweli kidogo. Kwenye changarawe, kwenye mitaa ya Buswelu au njia za mawe za Mabatini, tairi gumu linairusha baiskeli juu badala ya kuisukuma mbele, na nguvu zako zinaishia kwenye mgongo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la inchi mbili anatosheka na pauni 30 hadi 35 mbele na 35 hadi 40 nyuma. Ukipakia mzigo, ongeza nyuma, usizidishe namba iliyoandikwa ubavuni. Anayejaza upepo kwa kubonyeza kidole gumba anakadiria. Mwombe fundi pancha mwenye geji akujazie mara moja kwa kipimo, ujue kidole chako kinapaswa kuhisi nini.

Mambo mawili yanayoua fremu nzuri

La kwanza ni nyuzi za ekseli ya pedali. Upande wa kulia, wenye sproketi, kwenye fremu nyingi za milimani nyuzi zake zimegeuzwa: unafungua kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume na nati ya kawaida. Zimegeuzwa makusudi ili mzunguko wa ekseli usizilegeze. Fundi asiyejua anazungusha kushoto, haifunguki, anaongeza bomba kwenye spana, halafu tindo na nyundo, na nyuzi zinakatika. Nimeziona fremu tatu za Cr-Mo zilizokufa kwa njia hii. Kabla hajaanza, mwulize kwa heshima: "Fundi, huku kulia kunafunguka upande gani?" Na upana wa mrija huo upimwe, 68 au 73, kabla ya kununua ekseli mpya ya kufungwa moja kwa moja. Hiyo ya kufungwa naipendekeza kwa moyo wote kuliko ya gololi zilizo wazi, kwa sababu vumbi halipati njia.

La pili ni kuchomelea. Ni kweli kwamba uzuri wa chuma ni kuchomeleka, na watu wanasema hivyo kwa fahari. Lakini mashine ya umeme inayochomelea mageti inatoboa mrija wa fremu kama karatasi, au inauacha mgumu na mkavu pembeni ya mshono, ukatike hapohapo miezi michache baadaye. Mrija mwembamba unataka gesi na shaba, moto wa kiasi, na fundi mwenye subira. Sikio la nyuma lililopasuka, au kishikilio cha keria kilichong'oka, vinaweza kutengenezwa hivyo na vikaishi. Ufa ukiwa kwenye shingo, pale mirija inapokutana na foku, mimi naiacha fremu hiyo. Shingo ikiachana mwendeshaji hapati hata nafasi ya kubana breki.

Yule kijana alirudi kijiweni akiwa na rula na karatasi. Tuliipima fremu yake pamoja: nyuma 135, ekseli ya pedali 68, shingo haina ufa, kibandiko cha 4130 kimebaki nusu. Amefungiwa ringi za alumini za 559 na breki za V pamoja na vishikio vyake, na mbele amebaki na sproketi moja ya meno 32. Kilichobaki ni nguzo ya kiti. Mrija wake unataka 26.8 na aliyokuja nayo ni 26.4, iliyozungushiwa kipande cha kopo la soda mara mbili ili ibane. Fundi amemruhusu aitumie hivyo kwa sasa, ila amemwekea alama ya rangi kwenye nguzo na kumwambia asiipandishe kupita hapo mpaka apate ya kipimo chake.